Kiyoyozi cha ukutani Mwanza na kando ya ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayeishi Mwanza au popote kandokando ya Ziwa Victoria anayefikiria kufunga kiyoyozi, au ambaye tayari anacho na kinamsumbua. Ni maswali tunayoulizwa dukani, kwenye simu, na mara nyingine tukiwa juu ya ngazi. Majibu mengine ni mafupi. Yaliyorefuka yamerefuka kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza fedha. Msimamo wetu utauona mapema: jinsi mashine ilivyofungwa, na kivuli cha nyumba yenyewe, vina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi.

Kwa nini mashine ziwe mbili, moja ndani na nyingine nje?

Kwa sababu kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto. Joto lililomo chumbani linachukuliwa, linapitishwa kwenye bomba la shaba na kutupwa nje ya ukuta. Mashine ya ndani inalipokea, ya nje inalitupa, na gesi inayozunguka katikati ndiyo inayolibeba.

Ukijaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono, pampu inapata moto upande wa chini, kwa sababu hewa ikibanwa hupata joto. Kompresa iliyomo kwenye mashine ya nje inafanya hivyo hivyo kwa gesi. Gesi iliyobanwa inakuwa ya moto kuliko hewa ya nje, kwa hiyo ikipita kwenye koili huku feni ikiipuliza, joto lake linatoka na yenyewe inageuka kimiminika. Kimiminika hicho kinapenyezwa kwenye tundu dogo sana, shinikizo linashuka ghafla, na kinapoa sana. Kikifika kwenye koili ya ndani kinanyonya joto la chumba mpaka kinageuka gesi tena, kisha kinarudi kwa kompresa kuanza upya.

Ukishalishika hili, mengi yaliyo hapa chini yatajieleza. Mashine ya nje ikikosa hewa, joto halina pa kwenda, na chumba hakitapoa hata ukishusha rimoti hadi 16.

Kwani haivuti hewa safi kutoka nje?

Haivuti. Tundu la ukutani linapitisha mabomba mawili ya shaba, nyaya na bomba la kutolea maji, basi. Hewa inayokupuliza ni ile ile ya chumbani, imechujwa vumbi na kupozwa. Nyumbani, fungua madirisha asubuhi na jioni, na kama mmelala wengi chumba kimoja acha mlango wazi kidogo.

Kwa ofisi, darasa, duka la dawa na zahanati tunasisitiza zaidi. Kifua kikuu husambaa kwa hewa, na chumba kilichofungwa siku nzima huku watu wakiingia na kutoka ni mahali pa hatari. Usikubali kufungiwa AC kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa kabla hujaambiwa hewa mpya itaingilia wapi.

Fundi, kweli Mwanza kuna joto la kuhitaji AC?

Si kila nyumba inaihitaji. Jiji liko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Usiku joto linashuka hadi digrii 17 au 18, na mchana kwa kawaida linakuwa kati ya 27 na 30. Upepo nao unasaidia: mchana unavuma kutoka ziwani, usiku unageuka na kutoka nchi kavu. Nyumba yenye madirisha pande mbili zinazopokea upepo huo inaweza kuishi na feni, na tukiingia nyumba ya namna hiyo tunamwambia mwenyewe hivyo.

Kinachowatesa watu ni paa. Tuko karibu digrii 2.5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita liko utosini au karibu na utosi mwaka mzima, na bati lisilo na singibodi linamwaga joto lote juu ya kitanda. Kisha kuna miamba yetu. Anayeishi Isamilo, Mabatini au mlimani Bugando, katikati ya mawe makubwa, anajua kwamba mawe hunywa jua mchana kutwa na kulirudisha polepole usiku, saa ambayo wenzake wa tambarare wameshapata ubaridi.

Ndiyo maana kabla ya kukuuzia chochote tunauliza habari za singibodi. Piga singibodi, weka juu yake kitu cha kuzuia joto, acha matundu ya hewa darini ili joto la bati litoke. Kama nyumba inatazama ziwa upande wa magharibi, kama zilivyo nyingi kuanzia Capri Point hadi Bwiru, jua la saa tisa hadi saa kumi na mbili linaingia lote kwenye vioo vile vikubwa vya alumini. Kivuli cha nje, iwe kibaraza, mti au turubai, kinazuia joto kabla halijagusa kioo. Pazia la ndani linasaidia, lakini likifanya kazi yake joto limeshaingia tayari. Ukifanya haya, huenda ukanunua mashine ndogo kwa hatua nzima, au usinunue kabisa.

Nichukue ya BTU ngapi?

BTU ni kiasi cha joto ambacho mashine inaweza kuhamisha kwa saa moja. Haielezi umeme unaoliwa. BTU 12,000 ni sawa na kilowati 3.5 za joto. Kwa chumba chenye singibodi na dari la kawaida sisi huanzia 600 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha kulala cha mita 3.5 kwa 4 kinatosha kwa 9,000, cha 4 kwa 5 kwa 12,000, na sebule ya 5 kwa 6 kwa 18,000. Tunaongeza pale ambapo bati liko tupu, dirisha linatazama magharibi, jiko limeungana na sebule, au watu ni wengi. Saluni yenye madraya ni habari nyingine kabisa, na duka lenye mafriji ya vioo vilevile: kila kifaa kinachokula umeme ndani ya chumba kinautoa kama joto, na joto hilo lazima lihesabiwe.

Kuna wanaosema "nipe kubwa tu ili ipoze haraka." Hatushauri. Mashine kubwa kupita kiasi inafikisha digrii ulizoweka upesi, inazima kabla haijatoa unyevu wa kutosha kwenye hewa, kisha inawaka tena baada ya muda mfupi. Wakati wa masika utalala kwenye chumba chenye baridi ya unyevunyevu, shuka zikiwa nzito, na kompresa itachoka mapema kwa kuwaka na kuzima. Wauzaji wengine wanataja hp badala ya BTU. Hizo hp hazifanani kutoka duka moja hadi jingine, kwa hiyo soma BTU kwenye lebo ya mashine yenyewe.

Inveta au ya kawaida?

Ya kawaida ina mwendo mmoja: inawaka yote au inazima yote. Inveta inaongeza na kupunguza mwendo wa kompresa kulingana na joto la chumba, kwa hiyo haikurupuki inapowaka, ina kelele kidogo na inakula umeme mdogo chumba kikishapoa. Kwa chumba cha kulala kinachotumika kila usiku, chukua inveta. Kwa chumba cha wageni kinachowashwa mara moja moja, ya kawaida inatosha na ni rahisi kutengeneza. Bodi ya inveta ikiungua, kuipata kunaweza kuchukua muda na bei yake inauma.

Itakula uniti ngapi za LUKU?

Tufanye hesabu ya mfano. Mashine ya 12,000 isiyo ya inveta huvuta karibu wati 1,100 kompresa inapofanya kazi. Ukilala nayo saa 8, na kompresa ikafanya kazi nusu ya muda huo, ni kama uniti 4 na nusu. Kwa mwezi zinakaribia 130. Inveta iliyofungwa vizuri kwenye chumba chenye singibodi itashuka chini ya hapo. Chumba chenye bati tupu kitapanda, kwa sababu kompresa haitapata nafasi ya kupumzika.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii: kama uko kwenye daraja la matumizi madogo ya nyumbani, D1, bei nafuu unayoifurahia ni ya uniti 75 za kwanza kwa mwezi. Zinazozidi hapo zinatozwa bei kubwa zaidi kwa mbali, na ukiendelea kuzidi unaweza kuhamishiwa daraja la kawaida. Kwa hiyo AC inaongeza uniti zake, na juu ya hapo inakuondoa kwenye bei uliyozoea kwa friji, taa na televisheni. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua.

Weka rimoti kati ya 24 na 26. Kushusha hadi 18 hakuharakishi chochote kwa mashine ya kawaida. Kinachotokea ni kwamba inafanya kazi muda mrefu zaidi. Feni ya dari ikizunguka polepole pamoja na AC, 26 inakuwa tamu kabisa.

Mashine ya nje ikae wapi?

Hapa ndipo tunapogombana na wateja wetu, kwa upendo. Kwanza, kivuli na hewa. Kwa nyumba za huku kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa na jua la pembeni. Za kaskazini na kusini zinapata kidogo, na mara nyingi paa lenyewe linazifunika. Anzia huko. Nyuma ya mashine acha walau sentimita 15, na mbele acha wazi mita moja na nusu au zaidi. Ikipuliza ukuta wa jirani kwa karibu, hewa ya moto inarudi na kuvutwa tena.

Pili, kizimba. Tunaelewa hofu ya wizi, maana shaba ina soko. Lakini tumeona vizimba vya nondo zilizobanana, vingine vimezibwa kwa bati juu na pembeni, na ndani yake mashine inahema. Tengeneza kizimba chenye nafasi pana kati ya nondo, kisichogusa mashine, chenye mlango wa kufuli ili fundi aweze kufungua na kuosha. Au ipandishe ukutani kwa vyuma imara, juu ambako mkono haufiki lakini ngazi ya fundi inafika.

Tatu, wadudu wa ziwani. Wale wanaopaa juu ya maji kwa mamilioni, hasa siku za mwezi mwandamo, wanafuata taa. Mashine ya nje ikiwa chini ya taa ya ulinzi itawavuta usiku kucha na asubuhi utakuta vibati vyembamba vya koili vimezibwa na tabaka la kijivu. Hamisha taa au hamisha mashine. Kwa nyumba za Kirumba, Bwiru na Capri Point hili lina uzito kuliko hata suala la jua.

Nne, maji. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo hatuna chumvi inayokula mashine kama wenzetu wa pwani. Ila ziwa linapanda. Mwaka 2020 na tena 2024 maji yaliingia kwenye viwanja na hoteli nyingi za ufukweni. Mashine iliyowekwa chini kando ya maji ipandishwe juu ya ukuta, au walau kwenye tofali refu lililozidi alama ya maji ya miaka hiyo.

Na mwisho fikiria jirani. Feni ya mashine yako isimpulizie dirishani.

Na ya ndani?

Juu, kati ya mita 2 na 2.5 kutoka sakafuni, na nafasi ya sentimita 15 hivi kutoka kwenye singibodi kwa sababu inavuta hewa kwa juu. Isipulize kitandani moja kwa moja. Isikae juu ya televisheni wala juu ya soketi, kwa sababu siku ikivuja utajuta. Ikiwezekana iwe kwenye ukuta wa nje, ili bomba la maji litoke kwa mteremko mfupi.

Fundi mzuri nitamjuaje?

Mtazame anachofanya kati ya kuunganisha mabomba na kufungua gesi. Mashine mpya inakuja na gesi yake, imefungiwa kwenye mashine ya nje. Mabomba unayounganisha yana hewa na unyevu ndani. Fundi wa kweli anaunganisha pampu ya vakyumu, anaiacha inyonye hata nusu saa, anazima, na anasubiri kuona kama sindano inarudi. Ikirudi, kuna mahali panavuja au bado kuna unyevu. Baada ya hapo tu ndipo anafungua valvu. Anayefungua gesi kidogo ili "isukume hewa" na kuiacha itoke kwenye nati anakuibia miaka ya mashine yako: unyevu unaobaki unachanganyika na oili ya kompresa na kutengeneza asidi inayokula taratibu.

Mafundi wenzetu mnaotoka pwani, hili ni lenu. Hewa ya Mwanza ina shinikizo dogo kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 12. Kwa hiyo sindano ya geji ya kawaida haitafika inchi 30 za zebaki upande wa vakyumu; itaishia karibu na 26 hata pampu ikiwa nzima kabisa. Msihangaike kubadilisha pampu. Tumieni geji ya kidijitali inayosoma mikroni, ishuke chini ya 500 na ikae hapo pampu ikizimwa. Hiyo haidanganywi na mwinuko.

Mengine ya kumwangalia: anakata bomba kwa kikatio badala ya msumeno, anaondoa chenga, anatanua mdomo wa bomba ukiwa laini pande zote. Anapaka oili kidogo. Anavika sponji nyeusi bomba zote mbili, kila moja na yake, bila kuacha sehemu tupu. Tundu la ukutani analiinamishia nje. Nyumba za ukuta wa mawe, ambazo kwetu ni nyingi, zinahitaji mashine ya kutoboa yenye msumeno wa duara, na fundi asiye nayo asianze kugonga kwa patasi na kukuachia ufa. Gesi ya kiwandani kwa kawaida inatosha bomba la mita 5 hivi. Bomba likiwa refu zaidi lazima gesi iongezwe kwa gramu kwa kila mita, kama kitabu cha mashine kinavyosema, ikipimwa kwa mizani. Bomba lisipungue mita 3.

Muulize pia alikosomea. VETA wana chuo hapa Nyakato, na kijana aliyepita darasa la friji na viyoyozi hataona aibu kukuonyesha cheti. Kazi ya nyaya za nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Umeme wake uwe vipi?

Njia yake peke yake kutoka kwenye sakiti breka, isichangie soketi na pasi wala friji. Kwa 9,000 na 12,000 tunatumia waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampia 16 au 20, kutegemea lebo. Kwa 18,000 na 24,000 waya wa 4, na breka inayolingana na maelekezo ya mashine.

Ethi ndiyo inayosahaulika. Kwenye miamba, nondo ya ethi inagonga jiwe kabla haijafika mbali, na fundi anaikata iliyobaki juu, anafukia, kazi imeisha. Hiyo si ethi. Udongo mkavu wa kina kifupi juu ya jiwe haupitishi umeme vizuri, na siku mwili wa mashine ukipata umeme utakayeugusa ni wewe. Dai ipimwe kwa kifaa. Kama haitoshi, nondo kadhaa ziunganishwe, au waya wa shaba ulazwe kwenye mtaro mrefu hadi mahali penye udongo wa unyevu. Na breka ya kukata umeme unaovuja iwepo.

Umeme ukishuka jioni, kompresa ya kawaida inaumia kuliko inveta. Weka kilinzi chenye kuchelewesha dakika 3 kabla ya kurudisha umeme, kwa sababu baada ya kuzima, shinikizo la gesi linahitaji muda kusawazika. Kompresa inayolazimishwa kuwaka kabla ya hapo inakwama na kuungua. Na radi: anga ya ziwa hili ni miongoni mwa zenye radi nyingi zaidi duniani. Mvua ikikaribia na ngurumo, shusha breka ya AC. Kuizima kwa rimoti hakutoshi, bodi bado iko kwenye laini.

Kila mwaka naambiwa gesi imeisha. Ni kawaida?

Si kawaida. Gesi hailiwi. Inazunguka ndani ya bomba lililofungwa na inapaswa kudumu maisha yote ya mashine. Ikipungua, imevuja, na anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ile ile kila mwaka. Mara nyingi ni kwenye nati za maungio. Fundi apake povu la sabuni, au ajaze naitrojeni kwa shinikizo na kusubiri. Azibe kwanza, avute vakyumu, ndipo ajaze kwa kupima.

R22, R410A, R32: nazo zina tofauti gani?

Hayo ni majina ya gesi inayozunguka ndani ya mashine. R22 ni ya zamani, inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi kama yetu zinatakiwa kuiondoa kufikia 2030, ikibaki kidogo tu kwa matengenezo. Usinunue mashine yake hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. R410A haigusi ozoni lakini kilo moja inapasha dunia zaidi ya mara 2,000 ya kaboni dayoksaidi. R32 ni mara 675, na mashine nyingi mpya zinaitumia. Marekebisho yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016, hapo kwa jirani zetu, ndiyo yanayosukuma mabadiliko haya.

La kukumbuka kwako: gesi hazichanganywi, na mashine ya gesi moja haijazwi nyingine. R32 inaweza kushika moto katika mazingira fulani, kwa hiyo fundi asichomelee bomba ambalo bado lina gesi, wala asiachie gesi ndani ya chumba kilichofungwa.

Inadondosha maji ndani ya nyumba.

Maji yenyewe si tatizo. Hewa ikipoa inaachia unyevu, na mashine inaweza kutoa lita kadhaa kwa siku. Tatizo ni njia yake: bomba limeziba kwa ute na vumbi, limepanda mahali fulani badala ya kushuka, au mashine imefungwa ikiinama upande usiofaa. Nyigu na buibui wanapenda kujenga kwenye mdomo wa bomba hilo, kwa hiyo vika kipande cha wavu. Maji hayo ni mazuri kwa bustani. Usiyanywe, yamepita juu ya vumbi na shaba.

Inatengeneza barafu.

Zima, iache iyeyuke, osha chujio, jaribu tena. Ikirudia, feni ya ndani inazunguka kivivu au gesi imepungua. Usiikwangue kwa kisu. Vibati vya koili ni vyepesi kama karatasi na bomba liko nyuma yake tu.

Niisafishe mara ngapi?

Chujio la ndani kila wiki mbili, mwenyewe, kwa maji ya bomba na sabuni laini, likauke kivulini. Barabara ikiwa ya vumbi, kama mitaa mingi ya Igoma, Buhongwa na Kishiri, fanya kila wiki. Kuosha kwa undani koili zote mbili na sufuria ya maji, mara mbili kwa mwaka. Kwa nyumba za ufukweni ongeza: kila baada ya wimbi kubwa la wadudu mwagia koili ya nje maji ya kawaida, breka ikiwa chini, kwa shinikizo dogo. Mashine za kuoshea magari zinakunja vibati na kuziba kabisa kile ulichotaka kukizibua.

Rimoti yangu ina alama ya jua. Ni ya nini?

Ni ya kupasha joto. Mashine zenye uwezo huo zina valvu inayogeuza mwelekeo wa gesi: koili ya ndani inakuwa ya moto, ya nje inakuwa ya baridi, na joto linachukuliwa kutoka hewa ya nje hata kama hewa hiyo ni baridi. Mashine nyingi zinazouzwa huku ni za kupoza tu, rimoti ndiyo ya pamoja, kwa hiyo ukibonyeza jua hakuna kitu. Kama yako inapasha, basi simu nyingi za "AC inatoa moto" tunazopokea zinaishia hapo: mtoto amechezea rimoti. Rudisha kwenye alama ya theluji.

Kwa Mwanza huhitaji kupasha. Lakini tuna ndugu zetu Makete, Njombe na Mbeya, ambako Juni na Julai baridi inauma kwelikweli, na kwao alama hiyo ina maana kubwa. Hita ya waya ikila kilowati moja inatoa kilowati moja ya joto. Mashine hii kwa umeme huo huo inaweza kuingiza karibu tatu, kwa sababu haitengenezi joto, inalileta. Mashine ya nje ikiota barafu asubuhi na kusimama dakika chache kuiyeyusha, si ubovu. Na kwa yeyote anayeingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto usiku: tafadhali acha leo. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na inaua familia nzima usingizini.

Ni salama kwa mtoto mchanga? Inaleta nimonia?

Nimonia inaletwa na vimelea. Lakini AC chafu inapuliza ukungu na vumbi, na baridi kali inakausha koo na pua. Weka 26, elekeza upepo juu, mtoto avae. Na chandarua kibaki. Chumba chenye ubaridi kinawapunguzia mbu kasi, ila mmoja aliyeingia jioni kabla hujafunga dirisha anatosha kuleta malaria.

Inaweza kutumia jenereta au sola?

Inveta ya 9,000 au 12,000 inaweza, kwa sababu inawaka polepole. Ya kawaida inavuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake sekunde ya kuwaka, na jenereta ndogo inazima au inatoa umeme unaoyumba. Kwa sola, kupoza mchana jua likiwepo ni rahisi. Usiku ni suala la betri, na hapo gharama inapanda haraka.

Nahama nyumba. Niiache?

Usiiache, na usikubali fundi akate mabomba gesi ikatoka yote. Fundi anaiwasha kwenye kupoza, anafunga valvu ya bomba jembamba, na kompresa inanyonya gesi yote na kuirudisha kwenye mashine ya nje. Geji ikikaribia sifuri anafunga valvu ya bomba nene na kuzima mara moja. Ni kazi ya dakika chache. Midomo ya mabomba izibwe kwa plasta palepale ili vumbi na unyevu visiingie, mashine ya nje isafirishwe ikiwa imesimama, na ukifika unakohamia vakyumu ianze upya kama mashine mpya. Mabomba ya zamani yakiwa yamekunjwa, nunua mapya.